Sanamu ya mtoto wa Malkia juu ya farasi haikutoka ikulu, tafadhali rekebisheni

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kuhusu ile makala yenu ya vitu vya kale, ile yenye picha kubwa ya sanamu ya udongo ya Prince of Wales, mtoto wa kiume wa Malkia Victoria wa Uingereza, kapanda farasi, kofia yenye unyoya kichwani, shuka la bluu begani. Mwandishi wenu kasema sanamu za namna hiyo zilitengenezwa na mafundi wa ikulu kwa ajili ya familia ya kifalme ya Uingereza, nyingine zikatolewa zawadi kwa watawala wa nje akiwemo Sultan wa Zanzibar, na kwamba mwenye nayo nyumbani kwake kakalia utajiri bila kujua. Hapana jamani. Hiyo habari si kweli na inaumiza watu, na mimi naishi hapahapa Stoke-on-Trent, mji ambao sanamu hizo zilitoka, na kazi yangu ni kupokea na kupanga vitu ambavyo watu wanavitoa kwenye duka la chariti, kwahiyo hizi sanamu zinapita mikononi mwangu mara kwa mara na nimejifunza kuzijua mbele na nyuma.

Kilichonifanya nisikae kimya ni mjomba wangu. Yupo Tanga, ni mtu mzima, mstaafu, na gazeti lenu halimpiti hata siku moja. Alikuwa keshanunua sanamu ya aina hiyohiyo kwa jamaa mmoja anayezunguka na vitu vya kale, katoa zaidi ya shilingi milioni 2, kaambiwa ni moja ya vitu alivyopewa Sultan Barghash alipokwenda London. Nilipoona picha alizonitumia WhatsApp nikamwambia mjomba hii rudisha, na mazungumzo na yule muuzaji yalikuwa yanaenda vizuri tu, amekubali hata kurudisha nusu, ndipo makala yenu ikatoka. Jamaa kaja na gazeti mkononi, si mnaona wenyewe gazeti limeandika. Mjomba akarudi kuamini upya. Sasa mimi wa simu nitashindana vipi na gazeti?

Tuanze na huyo Barghash maana hapo ndipo uongo ulipochanganywa na ukweli. Ni kweli kabisa Sultan Barghash bin Said alikwenda Uingereza mwaka 1875, alikuwa na John Kirk, konseli wa Uingereza kule Zanzibar, na Malkia Victoria alimpokea kwenye kasri la Windsor. Hilo halina ubishi. Lakini fikirini wenyewe, ikulu inayompokea mtawala wa nchi haiwezi kumpa sanamu ambayo siku hiyohiyo mchimba makaa ya mawe anaweza kuinunua gulioni kwa hela yake ya mfukoni. Maana hivyo ndivyo zilivyokuwa hizi sanamu, vitu vya bei ya chini vya kupamba nyumba za watu wa kawaida. Vyombo vya udongo kutoka Ulaya vilifika pwani yetu kwa wingi karne ya 19, sahani na mabakuli ya Uholanzi na ya Uingereza, na nyingine hadi leo zipo kwenye nyumba za zamani za Lamu na Unguja, lakini hizo zilikuja kama bidhaa za biashara, zimenunuliwa na kuuzwa, wala hazihitaji hadithi ya ikulu ili ziwe na maana.

Eneo lenyewe linaitwa Staffordshire, na hapa Stoke kulikuwa na miji sita iliyoshikana, Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Kulikuwa na makaa ya mawe chini ya ardhi na udongo wa kienyeji, na baadaye udongo mweupe ukaletwa kutoka Devon, Dorset na Cornwall, ukapita kwenye mfereji wa Trent na Mersey uliokamilika mwaka 1777. Kipindi kazi imeshamiri kulikuwa na matanuri zaidi ya 2,000, yale marefu yenye umbo la chupa, moshi mchana kutwa, na siku hizi yaliyobaki yamesimama hayazidi 50. Katikati ya viwanda vikubwa vilivyotengeneza sahani za watu wenye pesa kulikuwa na karakana ndogondogo kibao, na hizo ndizo zilizotengeneza sanamu. Nyingi hazikuweka hata jina wala muhuri chini. Ndio maana ukiona mtu anakuonyesha sanamu ya zamani ya aina hii halafu ina muhuri wa taji na maneno ya kifalme chini yake, hapo tayari anza kuwa na wasiwasi.

Kwanini familia ya kifalme basi? Victoria alipata ufalme mwaka 1837 akiwa binti wa miaka 18, akaolewa na Albert mwaka 1840, mtoto wa kwanza wa kike kazaliwa mwaka huohuo, na tarehe 9 Novemba 1841 kazaliwa Edward, huyo Prince of Wales, ambaye alikuja kuwa Mfalme Edward VII mwaka 1901. Watu waliwapenda, malkia kijana na mumewe na watoto, ndio ilikuwa habari ya mjini. Magazeti ya picha yalikuwa yameanza, Illustrated London News lilitoka mwaka 1842, na mafundi wa Staffordshire wakawa wanaangalia picha za magazetini na kwenye makaratasi ya nyimbo, wanafinyanga. Malkia juu ya farasi, Albert juu ya farasi, watoto wao kila mmoja juu ya farasi wake mdogo. Zikauzwa kwa jozi, mmoja anaangalia kulia mwingine kushoto, ili zikae pande mbili za ile rafu iliyo juu ya sehemu ya kuwashia moto sebuleni. Nyumba ya mfanyakazi ilikuwa na rafu hiyo moja na ndio pambo lote la nyumba. Na kwa kuwa sanamu inaegemea ukutani, mgongo wake ukaachwa bapa, hauna nakshi, rangi ni kidogo sana au hakuna kabisa. Hii ya mgongo bapa ilishika kasi kuanzia miaka ya 1840.

Hao mafundi Prince of Wales hawakuwahi kumwona kwa macho. Sura zinafanana zote, nyusi mbili, mdomo mwekundu, mashavu yamepakwa waridi, ukifuta jina lililoandikwa kwenye kitako huwezi kujua ni nani. Kuna sanamu maarufu ya Benjamin Franklin wa Marekani ambayo imeandikwa jina la mtu mwingine, Rais George Washington, na wateja walinunua. Kalibu ya farasi mmoja iliweza kumbeba mkuu wa jeshi, kesho ikambeba mtoto wa malkia. Wakati wa vita vya Crimea, 1853 mpaka 1856, walitoa majemadari juu ya farasi kwa wingi, na pia walitoa majambazi, Dick Turpin aliyenyongwa York mwaka 1739, naye kakaa juu ya farasi kapendeza na dhahabu kidogo kwenye kitako, kwenye rafu moja na familia ya kifalme. Hiyo ingekuwa kazi ya ikulu kweli?

Na kitu ambacho kila Mtanzania au Mkenya atakiona haraka kuliko Mwingereza yeyote: hao hao walitengeneza pundamilia. Walichukua farasi wao, wakampaka mistari myeusi, basi, wakauza pundamilia. Nilipomshika wa kwanza hapa kazini niliona kabisa kuna kitu hakijakaa sawa, nikamgeuza nikaona ni singa, zimelala ubavuni mwa shingo zimetiririka kama za farasi wakati pundamilia singa zake zinasimama wima, mtoto yeyote aliyepelekwa Mikumi au Nairobi National Park anajua. Wenzangu hapa hawakuwa wameliona hilo. Namtaja huyu pundamilia kwasababu anaonyesha wazi namna walivyofanya kazi, walifinyanga kwa kusikia na kwa picha, haraka, kwa ajili ya soko.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi kwenye makala yenu, na hili si la pesa. Mmeandika "mafundi wa ikulu". Ndugu Mhariri, sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa mikononi mwa watoto.

Nieleze inavyofanyika. Fundi anasukuma udongo uwe bapa kama chapati, anauweka ndani ya kalibu ya plasta, kalibu moja ya mbele na moja ya nyuma, anaukandamiza kwa vidole mpaka uingie kwenye kila kona, pua ya farasi, vidole vya mtoto, mikunjo ya shuka. Halafu anaunganisha vipande viwili kwa uji wa udongo. Plasta inanyonya maji, udongo unasinyaa, unatoka wenyewe kwenye kalibu. Anatoboa tundu dogo chini au mgongoni ili hewa ya ndani ipate pa kutokea, vinginevyo sanamu inapasuka kwenye tanuri. Miguu ya farasi ndio mtihani mkubwa, udongo mbichi hauwezi kubeba mwili mzito juu ya miguu minne myembamba, ndio maana nyingi utaona katikati ya miguu kumejazwa udongo au kuna kisiki na majani yanamshikilia farasi tumboni. Ikishachomwa mara ya kwanza inapakwa bluu ya kobalti, inachovywa kwenye glezi, ule upako unaong'aa kama kioo, inachomwa tena, halafu ndio zinakuja rangi nyingine na dhahabu, inarudi kwenye moto wa tatu.

Hapo katikati weka watoto. Kulikuwa na watoto wa kukimbiza kalibu, wanazibeba kutoka kwa fundi hadi kwenye chumba cha kukaushia chenye joto kali, wanarudi mbio, wanabeba nyingine, hivyohivyo tangu alfajiri mpaka usiku. Charles Shaw, mzaliwa wa Tunstall mwaka 1832, alianza kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 7, na mshahara wake ulikuwa shilingi moja ya Kiingereza kwa wiki. Mkaguzi wa serikali, Samuel Scriven, alipita kwenye viwanda hivi akiwahoji watoto wenyewe, kazi aliyoifanya mwaka 1840 na 1841, na huo wa 1841 ndio mwaka aliozaliwa Prince of Wales. Wengi hawakuwa wanajua kusoma wala kuandika majina yao. Hao watoto, pamoja na akina mama, ndio waliopaka rangi hizo sanamu, mistari ile minne ya brashi inayofanya nyusi na macho, vidoa vya waridi mashavuni, kwa kasi kwasababu walilipwa kwa idadi. Nikimshika mtoto wa malkia wa udongo najua rangi ya shavu lake huenda iliwekwa na mtoto wa umri wake. Sheria ya kuwalinda watoto wa viwanda vya ufinyanzi haikuja mpaka mwaka 1864, na hata hapo wa miaka 8 kwenda juu waliendelea kuruhusiwa kufanya kazi nusu siku.

Na glezi yenyewe ilikuwa na risasi, ile madini ya risasi, wachovyaji walikuwa wanaingiza mikono kwenye mapipa kutwa nzima, sumu inaingia mwilini, mikono inapooza. Vumbi la gumegume lililosagwa kuchanganywa na udongo lilikuwa linakaa mapafuni na kuua watu taratibu. Haya ni mambo ambayo hapa Stoke wazee bado wanayazungumza, babu zao walikufa nayo. Jina la mwana wa mfalme limeandikwa kwa herufi za kuvimba kwenye kitako, la mfinyanzi halipo popote, na gazeti letu la Kiswahili miaka zaidi ya 150 baadaye nalo linasema ni kazi ya ikulu! Hapana, tuwape haki yao.

Haya, pesa. Sanamu halisi ya aina hii, ya miaka ya 1840 mpaka 1860, mtoto wa kifalme juu ya farasi, kwenye minada ya huku inauzwa kuanzia makumi ya paundi mpaka mia chache kutegemea ukubwa, nadra yake na kama haijavunjika. Zipo za bei kubwa lakini ni chache. Ilitengenezwa idadi kubwa mno kiasi kwamba bado zimejaa. Kwahiyo hata kama ya mjomba ingekuwa ya kweli, milioni 2 na zaidi ni kuibiwa mchana kweupe.

Na ya mjomba si ya kweli. Naandika namna nilivyojua, mtu mwingine itamsaidia. Nilimwambia apige picha chini. Kuna tundu kubwa, kidole kinaingia. Za zamani zilizokandamizwa kwa vidole tundu lake ni dogo sana, la kupitisha hewa tu. Tundu kubwa maana yake sanamu ilitengenezwa kwa kumimina uji wa udongo kwenye kalibu halafu uji uliobaki ukamwagwa kupitia hapo, hiyo ndio njia ya viwanda vya baadaye wanaotoa nakala. Ukichungulia ndani ya tundu, kuta zake ni nyembamba na umbo la ndani linafuata la nje, palipo na kichwa cha farasi nje kwa ndani kuna shimo lilelile, wakati ile ya vidole ndani huwa imejaa na imelainishwa. Halafu dhahabu. Dhahabu ya zamani ni laini, haimeremeti sana, na imefutika pale watu waliposhika miaka na miaka. Ya mjomba inang'aa kama kioo kila sehemu, ile dhahabu ya maji iliyoingia mwishoni mwa karne ya 19.

Zile nyufa ndogondogo kwenye glezi pia zinadanganya wengi. Mwandishi wenu kasema nyufa ni ushahidi wa uzee. Sio ushahidi, nyufa hata kwenye kitu kipya zinatengenezwa makusudi, halafu wanapaka rangi ya kahawia zionekane. Kwenye ya mjomba zimeenea sawasawa mwili mzima, ukubwa uleule, rangi ileile, na kitu kilichozeeka chenyewe hakizeeki hivyo, nyufa zinakuwa nyingi hapa na hakuna kule. Chini ya kitako pia, pale panapogusa rafu, pangetakiwa pawe pamesagika na pana uchafu ulioingia ndani, ya kwake ni safi. Nikamuuliza na urefu. Nikalinganisha na picha na vipimo vya ileile iliyopo makumbusho, yake ni fupi. Hili watu wengi hawalijui, mtu akichukua sanamu ya zamani akatengenezea kalibu mpya, udongo ukikauka na kuchomwa unanywea, kwahiyo nakala inatoka ndogo kuliko mama yake. Lakini kipimo peke yake kisiwafanye mlale usingizi, maana kalibu za zamani za kiwanda cha Sampson Smith kule Longton zilikuja kutumika tena karne ya 20, na hizo nakala zimetoka kwenye kalibu ileile.

Wanaonunua mizigo ya kontena za vyombo vya mitumba kutoka huku, na wale ndugu zetu wa diaspora wanaopeleka zawadi nyumbani, tafadhali msitupe sanamu hizi wala msiziuze kwa hadithi za uongo. Kama ni nakala sema ni nakala, ni pambo zuri tu, uza bei ya pambo. Kama ni ya zamani kweli iwekeni vizuri, msiigandishe kwa gundi ya hovyo ikivunjika, msiioshe kwa maji ya moto, rangi za juu ya glezi zinabanduka.

Na wanaotaka kuziona za kweli bila kulipa chochote waingie kwenye tovuti ya makumbusho ya Victoria and Albert ya London, picha na vipimo vipo wazi. Ukiwa huku Uingereza njoo Hanley kwenye Potteries Museum, zipo kwenye makabati. Gladstone Pottery Museum pale Longton unaingia ndani ya tanuri lenyewe, unasimama pale walipokuwa wanapanga vyombo. Brighton nako kuna mkusanyiko wa Henry Willett, aliyekusanya vyombo vya udongo vya watu wa kawaida kwa makusudi kabisa, akiamini historia ya nchi inaweza kusomwa kwenye rafu za nyumba za maskini. Huyo alielewa mapema jambo ambalo makala yenu imelikosa.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni hili. Chapeni marekebisho, na yawe kwenye ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule wa makala ya kwanza, sio mstari mmoja chini ya matangazo ya vifo. Semeni wazi kwamba sanamu hizi zilitengenezwa Staffordshire kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi, na kwamba watoto walihusika kuzitengeneza. Ondoeni ile habari ya zawadi ya Sultan mpaka mwandishi wenu atakapoleta hati. Na kama mtaandika tena kuhusu bei ya vitu vya kale, mpigieni simu mtu wa makumbusho kabla ya kumpigia muuzaji, maana muuzaji hawezi kuwaambia kitu chake hakina thamani.

Nimeambatanisha picha za sanamu ya mjomba, mbele, mgongoni na chini kwenye tundu, na karibu yake picha za sanamu ya kweli niliyopiga hapa kazini kwa ruhusa, zote mbili zikiwa na rula pembeni. Mnaruhusiwa kuzitumia bila malipo. Mjomba amekubali zichapwe ila jina lake na mtaa wake msiweke, na ameomba nakala ya gazeti hilo aende nayo kwa yule muuzaji.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi,
Stoke-on-Trent, Uingereza